Uniti Mbili za Luku, Saa Mbili Majini

Hotuba kwa wanafunzi wa uhandisi na mafundi wa boti, Tanga. Nimeiandika kama nilivyoisema, nikaondoa tu pale nilipokohoa.

Shikamooni wazee wangu mlioketi mbele. Walimu, mafundi, wanangu wanafunzi, asanteni kwa kuja. Mwenyeji wangu ameninong'oneza kwamba ubwabwa umeshaiva, kwa hiyo najua mnaitazama saa kuliko mnavyonitazama mimi.

Nianze na swali. Nani hapa amewahi kukatikiwa luku usiku wa manane, simu haina chaji, na duka limefungwa?

Naona mikono karibu yote. Basi nusu ya hotuba mnaijua tayari.

Pasi ya umeme ya wati 1,000, ikiwaka mfululizo bila kujizima, inakula uniti moja kwa saa. Sasa chukueni chombo cha mita 6. Ndani kuna mtu mzima, mota, betri nzito na paneli za sola. Kiambieni kizunguke ziwani saa 2 bila kusimama, kikishindana na wenzake. Umeme wote kitakaoutumia ni kama uniti mbili. Yaani pasi moja, saa 2. Kazi hiyo ndiyo niliyoifanya ujanani, na ndiyo niliyokuja kuisimulia.

Mashindano yenyewe yanaitwa Solar Splash. Ni ya vyuo vikuu, na yalianza mwaka 1994 Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin, kando ya Ziwa Michigan. Baadaye yalihamahama: Buffalo, Fayetteville kule Arkansas, Dayton, halafu Springfield, Ohio. Timu nyingi ni za Marekani, ingawa wamewahi kufika watu wa Puerto Rico, Uturuki na hata Japan, wote wakibeba mashua zao na madumu yao ya gundi. Mimi niliyakuta njiani katika kuhamahama huko. Chuo changu sitakitaja. Nina mambo ya kusema juu ya tulivyovurunda, na niliokuwa nao hawapo hapa kujitetea.

Nilijiunga kwa kiburi. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, mtoto wa Mkinga niliyekulia kwenye ngalawa ya babu. Siku moja nikaona tangazo ukutani: timu ya mashua ya sola inatafuta watu. Nikasema moyoni, hawa waliozaliwa katikati ya mashamba ya mahindi, bahari yenyewe mwendo wa siku nzima kwa gari, watanifundisha nini mimi kuhusu chombo?

Walinifundisha kwamba sikujua maji yanatoza kiasi gani. Nilikuwa nimesafiri kwa upepo maisha yangu yote, na upepo hautoi risiti. Umeme unatoa.

Sheria za enzi zangu zilikuwa hivi. Paneli zisizidi wati 480. Betri ziwe za risasi na asidi, za aina ya gari, uzito wake wote kama kilo 45. Volti 36. Chombo kisizidi mita 6 kwa urefu na mita 2.4 kwa upana. Nahodha awe na kilo 70, na akipungua abebeshwe uzito wa kufidia. Mimi nilikuwa na kilo 58. Nilikuwa nahodha pekee niliyeingia majini na kilo 12 za vyuma miguuni, kama mzigo uliosahaulika bandarini.

Wati 480 ni kitu gani? Nguvu ya farasi mmoja ni wati 746. Kwa hiyo tulipewa farasi ambaye hajatimia, tena jua likiwa kali. Mashine ya farasi 15, ambayo wavuvi wetu wanaiona ndogo, ni zaidi ya mara 20 ya hapo. Mwanzoni niliona sheria hizi ni ubahili mtupu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ndizo zilizoyafanya mashindano yawe ya akili. Chuo tajiri hakiwezi kununua jua la ziada. Kinachobaki ni nani anapoteza kidogo kuliko mwenzake.

Ugumu wenyewe uko hapa, na hapa nitakaa kidogo. Chombo kimoja hupewa kazi mbili zinazogombana. Ya kwanza ni mbio fupi za mita 300, na timu nzuri inazimaliza kwa takribani nusu dakika. Hapo betri inamwaga kila ilicho nacho, paneli ni mzigo tu. Ya pili ni ile ya saa 2, tena mara mbili, ambapo wanahesabu umezunguka mara ngapi na si nani katangulia. Hiyo ndiyo yenye alama nyingi kuliko zote. Katikati kuna kupita kwenye maboya kwa kona kali, kuwaonyesha majaji kwamba chombo kinatii usukani. Mota na rafadha, yaani propela, unaweza kubadilisha kati ya kazi na kazi. Bodi ni ile ile.

Mzee wangu hapa mbele, niliyemwona akitikisa kichwa tangu nianze, anajua tatizo liko wapi. Chombo cha kwenda mbio kinataka sehemu ya chini iwe pana na bapa, ili kipande juu ya maji na kuteleza. Chombo cha mwendo wa kutwa kinataka kiwe chembamba, kipasue maji taratibu bila kuyagombeza. Ngalawa ni ya pili. Babu yangu hakuwahi kusoma hata ukurasa mmoja wa fizikia, lakini mti wake uliochongwa mwembamba, ukashikiliwa na matengo kila upande usipinduke, ulikuwa jibu la swali ambalo sisi tulilifanyia kazi muhula mzima kwa kompyuta.

Swali hilo alilishika sawasawa Mwingereza mmoja, William Froude, miaka ya 1870. Alijenga birika refu la maji nyumbani kwake Torquay, akawa anavuta vielelezo vya meli vya nta na kupima vinavutika kwa nguvu kiasi gani. Alichokieleza ni hiki: chombo kinapokwenda kinazaa wimbi lake chenyewe, na kadiri mwendo unavyoongezeka wimbi linarefuka. Likizidi urefu wa chombo, omo, yaani mbele, inakaa juu ya wimbi, tezi, yaani nyuma, inazama kwenye bonde, na kuanzia hapo unapanda mlima uliouzaa mwenyewe. Kwa chombo cha kawaida cha mita 6 mlima huo unaanza karibu kilomita 11 kwa saa. Ukiwa na farasi 40 unaupanda na kuuvuka. Ukiwa na pasi, unabaki hapo hapo ukichoma uniti. Chombo chembamba sana kinazaa wimbi dogo, kwa hiyo mlima wake ni kichuguu.

Kumbukeni lile birika la Froude. Nitalirudia kabla hatujala.

Sasa rafadha, au propela kama mnavyosema huku kwenye gereji. Vijana wengi wakitaka mwendo wanatafuta mota kubwa. Katika mbio za saa 2, kilichotupa mizunguko mingi zaidi kwa gharama ndogo zaidi kilikuwa kubadilisha rafadha: kutoka ndogo inayozunguka kwa kasi kwenda kubwa inayozunguka polepole. Kusukuma maji mengi taratibu kuna nafuu kuliko kusukuma maji machache kwa hasira. Mpiga kasia yeyote analijua hilo mkononi, ndiyo maana kafi lina bapa, halina ncha. Sisi tulihitaji majuma kadhaa na kugombana mara mbili ndipo tukubali.

Betri nayo ina tabia yake. Ile namba iliyobandikwa ubavuni, ya ampea na saa, mara nyingi imepimwa kwa kuimaliza betri polepole kwa saa 20. Ukiimaliza kwa saa moja hupati kiasi hicho, huenda ukapata nusu au zaidi kidogo. Mjerumani Peukert alilitolea kanuni mwaka 1897. Kwa hiyo kilo 45 za betri zilizoandikwa zaidi ya uniti moja na nusu, ukizidai zote ndani ya saa 2, zinakupa kama moja. Jua zuri kwa saa 2 linakupa nyingine moja kasoro. Ndiyo zile uniti mbili zangu.

Naona mzee kanyoosha mkono. Anauliza mbona hatukuweka tanga.

(Ukumbi ulicheka, na mimi nikacheka nao.)

Sheria ilikataa, mzee wangu. Na mimi nililiuliza swali hilo hilo siku ya kwanza. Walidhani ninatania.

Haya, niwape aibu yangu. Raundi ya kwanza ya saa 2. Asubuhi jua limechanua kama la Pangani mwezi wa pili. Mimi nahodha, koti la kujiokoa kifuani, kamba ya swichi ya kuzimia mota imefungwa mkononi, ili nikitupwa majini mashua isiende zake peke yake. Kwenye ukingo wa ziwa mwenzangu ana daftari na redio ya mkononi. Tumekubaliana kiasi cha ampea. Firimbi ikalia, mashua kama kumi zikaondoka pamoja, na damu ya Mkinga ikanipanda kichwani. Nikavuta mkono wa mota. Nikawapita wote. Mzunguko wa kwanza niko mbele, wa pili niko mbele, redio inalia, "Punguza, punguza!" na mimi nasikia kama anasema "Hongera."

Saa moja haijafika, mawingu yakaja. Volti ikaanza kushuka, na kile kidude kinacholinda betri kikakata. Nikabaki na paneli tupu chini ya wingu, labda wati mia moja, si zaidi ya taa kubwa moja ya zamani. Nikajiandaa kiakili kuvutwa kwa kamba mbele ya watu wote.

Lakini mashua haikusimama. Ilikuwa inakwenda. Polepole, ndiyo, lakini kama nusu ya mwendo wa wenzangu walio na betri nzima. Nikawa nakuna kichwa: nguvu imeshuka mpaka sehemu ya nane, mbona mwendo umeshuka nusu tu? Nilikuwa nimefaulu mtihani wenye jibu hilo mwaka uliotangulia, na sikulitambua nilipolikalia. Chomboni, ukitaka kuongeza mwendo mara mbili, nguvu inabidi iongezeke karibu mara nane. Isome kwa kurudi nyuma, utaona polepole ni rahisi kupita kiasi.

Kila baada ya dakika chache alinipita msichana wa timu moja ya jirani, na chombo chake kisicho na urembo, kwa mwendo ule ule aliouanza asubuhi. Hakunitazama hata mara moja. Alikuwa anaitazama mita yake.

Jioni ile mwenzangu wa daftari hakunigombeza. Alichora hesabu, na ninataka muinakili, kwa maana ni kitu cha maana kuliko vyote nitakavyosema leo. Tuseme mashua yenu inataka wati 750 kwenda kilomita 9 kwa saa. Nahodha wa kwanza anakwenda 9 saa zote mbili: kilomita 18, uniti moja na nusu. Nahodha wa pili anaanza na 12 kwa saa moja, halafu anachoka anakwenda 6 kwa saa ya pili. Naye amefika kilomita 18. Lakini ile saa ya 12 imemla wati karibu 1,780, na ile ya 6 wati 220 hivi. Jumla uniti mbili. Safari moja, muda mmoja, na yule wa pili kalipa theluthi zaidi kwa sababu ya pupa tu. Na kama mfukoni alikuwa na uniti moja na nusu peke yake, basi hafiki.

Raundi ya pili mwenzangu alichora mstari mwekundu kwenye kioo cha mita ya ampea. Akaniambia, "Huu ni ukuta." Nikaenda. Walinipita watu watano mwanzoni, na moyo uliniuma kama jino. Saa ya pili niliwapita watatu. Hatukushinda, msidhani hii ni hadithi ya namna hiyo. Tena tulirudi gatini betri ikiwa bado na chaji, tukapongezana, mpaka mwalimu wetu akatuuliza ile chaji tunampelekea nani. Kinachobaki kwenye betri firimbi ya mwisho ikilia ni mizunguko ambayo hukuizunguka. Kuimaliza chaji sawasawa na firimbi, bila kuishiwa na bila kubakiza, nimeona wachache sana wakifanya.

Kuhusu makaratasi nitapita haraka, ingawa ndiyo yaliyonitoa jasho kuliko kasia. Kabla chombo hakijagusa maji unapeleka ripoti ya kiufundi: umebuni nini, umepima vipi, kwa nini hukuchagua njia nyingine. Ina alama zake. Halafu kuna ukaguzi. Mashua ijae maji isizame, mwonyeshe kwa hesabu. Nyaya ziwe na fyuzi. Betri zifungwe zisihame mashua ikilala upande. Nahodha atoke bila kusaidiwa. Nimeona mashua nzuri mno ikibaki juu ya trela asubuhi nzima kwa sababu ya mkanda mmoja wa betri. Mafundi wangu mnaofunga betri kwa mpira wa baiskeli, nimewaona, tutaongea pembeni.

Ulaya wana yao. Uholanzi, katika jimbo la Friesland, walianza mwaka 2006 mbio za siku kadhaa kupitia mifereji ya miji kumi na mmoja, kama kilomita 220. Mwaka 2014 ikaanza nyingine Monaco. Huko utaona mashua zinainuka juu ya maji zikisimama kwenye mabawa membamba yaliyo chini, na wanafunzi wa Delft wamekuwa mabingwa wa ufundi huo. Bodi ikitoka majini, lile wimbi la Froude linabaki halina wa kulipanda. Ni jambo la kupendeza kulitazama. Lakini wanangu, nawajua, usiku huu mtalitafuta kwenye simu na kesho mtaniambia mnataka mabawa. Mabawa baadaye. Yanataka vifaa ghali na mikono iliyokwisha kukosea mara nyingi.

Mtu ataniuliza, na sisi je, wavuvi wetu wataachana na petroli? Nitasema ninavyoamini. Boti inayokimbiza samaki sokoni kabla barafu haijayeyuka, imebeba tani, inapambana na kusi: hiyo paneli chache hazitaisukuma kwa mwendo ule, na anayewaambia zitaisukuma anauza paneli. Hesabu ya mara nane haimwonei mtu haya. Lakini mama anayekwenda kwenye shamba lake la mwani maji yakitoka, mita mia kadhaa, hana haraka, anarudi na mwani mbichi mzito? Mtu wa kuvusha abiria mkono wa bahari, kwenda na kurudi kutwa, jua likiwa juu yake? Hao mwendo wao ni ule ule ambao mashua yangu iliuendea chini ya wingu. Kwao wati mia nne ni mali.

Kwa hiyo nimekuja na ombi moja, na ndilo lililonifanya nilirudie birika la Froude. Sina birika. Tuna bahari. Froude alichokifanya ni kuvuta chombo kwa kamba na kupima mvuto, na kifaa cha kupimia mvuto kimejaa hapa mjini: ile mizani ya kuning'iniza inayopimia samaki. Unafunga mizani kati ya kamba na ngalawa, unaivuta kwa boti nyingine kwa mwendo usiobadilika, unasoma. Ikisoma kilo 10, huo ni mvuto wa nyutoni kama 98. Zidisha kwa mwendo. Ukiwa unakwenda mita 2.5 kwa sekunde, ndiyo zile kilomita 9 kwa saa, unapata wati 245. Rafadha na mota zitapoteza sehemu, tuseme nusu kwa kuanzia, basi unahitaji mota ya wati 500. Sasa mnajua mota ya kununua kabla hamjaingia dukani. Mkifanya hivyo kwa vyombo sita tofauti, kwa miendo mitatu, mtakuwa na daftari ambalo timu yangu ilikuwa tayari kulilia.

Mzee wangu amekubali kutoa ngalawa yake. Masharti yake ni mawili: asiwepo wa kuitoboa, na yeye mwenyewe ndiye atakayeshika usukani. Boti ya kuvutia ipo, mafuta nimelipa mimi.

Kesho saa 12 na nusu asubuhi, Raskazone, kabla upepo haujaamka. Mwenye shangazi au mjomba anayeuza samaki aje na mizani, na amwambie itarudi sokoni kabla ya saa 3.

Haya, ubwabwa.